Kabla ya fomu ya uzamili, safari ya Mgeta

Kila dirisha la udahili linapofunguliwa, Morogoro husikika swali lilelile. Linaulizwa kwenye vibanda vya chai karibu na Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, SUA, linaulizwa ndani ya daladala za Kihonda, linaulizwa usiku kwenye makundi ya WhatsApp ya wahitimu: "Masta gani sasa hivi ina soko?" Muulizaji ni kijana mwenye shahada ya kwanza ya kilimo, yuko mtaani mwaka wa pili au wa tatu, ametuma maombi ya kazi Sekretarieti ya Ajira mpaka amechoka. Wa kumjibu hawakosekani. Mmoja atamwambia agribiashara. Mwingine atasema usalama wa chakula, maana viwanda vinakuja. Wa tatu, kwa sauti ya mtu anayetoa siri, atataja mabadiliko ya tabianchi, kwa kuwa huko ndiko fedha za wafadhili zilikoelekea. Fomu inajazwa, ada ya maombi inalipwa, na miaka miwili inaanza kuhesabiwa.

Hakuna aliyemuuliza kijana huyo anataka kujua nini.

Jioni hizohizo, upande wa magharibi wa Milima ya Uluguru, katika eneo la Mgeta, malori ya Fuso yanapakia mzigo Nyandira, Langali na Tchenzema. Kabichi, karoti, viazi mviringo, njegere, na kwa msimu wake pichi na plamu, vyote vinateremshwa kwa barabara ya Mlali hadi Sangasanga, vinaingia barabara kuu ya Iringa, na asubuhi vingi vinakutwa masoko ya Dar es Salaam. Mkulima wa Mgeta aliyebaki mlimani amepuliza dawa kwa sababu jirani alipuliza. Viazi alivyopanda kama mbegu ni vile vidogo vilivyokosa mnunuzi msimu uliopita. Bei ameisikia kwa dalali kwenye simu, na gunia lake limefungwa lumbesa. Kwa nini mnyauko unarudi kila mwaka kwenye shamba lilelile? Dawa hii inahitajika mara ngapi kabla ya mavuno? Nani anapanga kwamba gunia liwe na kichwa? Hayo ni maswali ya kiwango cha uzamili kabisa, na yamelala kando ya barabara mwendo wa saa chache kutoka madarasa ya chuo.

Makala haya yanashikilia jambo moja. Shahada ya uzamili ya kilimo ichaguliwe kwa kuanzia na swali la shambani. Baada ya swali atafutwe msimamizi anayelijua. Baada ya msimamizi kifuate chuo. Jina la programu lije mwisho. Leo mpangilio huo umepinduliwa, na gharama ya kuupindua inalipwa na kaya mbili: ile inayomsomesha kijana, na ile ya mkulima ambaye swali lake limeachwa bila mtu.

Soko la vyeti

Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Kijana anayelinganisha majina ya programu kumi na mbili bila kujua analima wapi yuko kwenye hali hiyo hasa. Anashika jembe hili, anashika lile, anauliza lipi limenunuliwa zaidi mwaka jana.

Mpangilio wa masomo yenyewe unaonyesha kwa nini njia hiyo haifai. Katika vyuo vingi vya Afrika Mashariki, uzamili wa kilimo ni mwaka mmoja wa darasani na mwaka mwingine wa utafiti na tasnifu. Mwaka wa darasani unafanana kuliko watu wanavyodhani: takwimu, mbinu za utafiti, kozi kadhaa za fani. Kinachomtenga mhitimu mmoja na mwingine ni ule mwaka wa pili, yaani alikaa na zao gani, kwenye udongo gani, chini ya nani, akagundua nini. Mbele ya meza ya usaili, mtu wa taasisi ya utafiti au wa kampuni ya mbegu hataishia kwenye jina lililoandikwa kwenye cheti. Atauliza, "Ulifanya kazi gani?" Mwenye cheti chenye jina la kuvutia na tasnifu aliyoiokota dakika za mwisho hana la kusema kwa dakika tano.

Kuna pia ukweli wa kanuni ambao vibanda vya chai huuficha. Kwa miongozo ya Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, TCU, anayetaka ngazi ya uhadhiri msaidizi hutakiwa kuwa na wastani wa alama 3.8 katika shahada ya kwanza na 4.0 katika uzamili, kwenye kipimo cha 5. Maana yake, kijana aliyemaliza shahada ya kwanza na 3.2 na anayetumaini uzamili utamfungulia njia ya kufundisha chuo kikuu anatumia fedha za wazazi kununua tumaini ambalo kanuni haikuliweka. Ni bora ajue mapema. Anaweza kuwa mtafiti hodari, mzalishaji wa mbegu, mshauri wa umwagiliaji au mfanyabiashara wa mboga, na kila njia kati ya hizo inadai swali lake.

Na kazi ipo kwa mwenye ujuzi wa kweli. Bajeti ya Wizara ya Kilimo ilipanda kutoka chini ya shilingi bilioni 300 mwaka 2021/22 hadi zaidi ya bilioni 900 mwaka 2023/24, na sehemu kubwa ilielekezwa kwenye umwagiliaji, mbegu na ruzuku ya pembejeo. Skimu ya umwagiliaji haisimami kwa zege peke yake. Inahitaji mtu anayejua kupima maji yanayoingia, udongo unaoyapokea, na ugomvi wa wakulima wa juu na wa chini ya mfereji. Mtu huyo hafinyangwi na jina la programu.

Matuta ya mwaka 1955

Uluguru ina historia inayopaswa kusomwa na kila mwombaji wa uzamili wa kilimo kabla hajafungua tovuti ya udahili.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950, serikali ya kikoloni ilianzisha mpango wa matumizi ya ardhi katika milima hii. Wasiwasi wake haukuwa wa kubuni. Miteremko ilikuwa mikali, watu waliongezeka, mvua zilibeba udongo, na mito inayoshuka Uluguru ndiyo inayojaza Ruvu, mto ambao Dar es Salaam huutegemea kwa maji. Dawa waliyoiagiza wataalamu ilikuwa moja: matuta ya ngazi pana yachimbwe milimani kote, kila kaya itoe nguvu kazi, anayekataa aadhibiwe. Kwenye vitabu dawa hiyo ilikuwa sahihi. Mlimani ilishindwa. Udongo wa sehemu nyingi za Uluguru ni mwembamba, kwa hiyo kuchimba tuta pana kulifukia tabaka lenye rutuba na kuleta juu udongo usiozaa. Wanawake na wanaume walipoteza siku za kulima wakichimba, kisha wakavuna kidogo kuliko kabla ya kuchimba. Julai 1955 hasira ilifurika Matombo, upande wa mashariki wa milima. Polisi walifyatua risasi, mtu mmoja akafa, na mpango ukaachwa.

Wataalamu wale hawakuwa wajinga. Walikuwa wamesoma, tena vyuo vizuri. Walikuja na jibu kabla ya swali. Laiti wangeuliza, wangekuta Waluguru wana ngazi zao ndogo, za kuparua majani na kuyafukia kwa udongo unaovutwa kutoka juu, kazi inayokwenda pamoja na kuandaa shamba lenyewe. Wangekuta pia kwamba ardhi hurithiwa kwa ukoo wa mama, na kwamba mtu anayelima kipande cha ukoo wa mkewe hufikiri mara mbili kabla ya kukiwekea kazi ya miaka kumi. Hilo la ukoo na ardhi lilikuja kuandikwa kwa kina na Roland Young na Henry Fosbrooke katika kitabu chao cha mwaka 1960 kuhusu ardhi na siasa za Waluguru, wakati tayari damu imemwagika.

Huko Mgeta, matuta ya mboga yanayomwagiliwa kwa mifereji yalidumu, na yapo hadi leo. Hayakudumu kwa hofu ya faini. Yalidumu kwa sababu tuta lenye maji lilimpa mkulima kabichi ya kuuza. Mlima mmoja, kazi ya jembe ileile, matokeo mawili tofauti; na tofauti yenyewe ilikuwa kwenye hesabu ya kaya. Je, ni programu ngapi za uzamili zinazomfundisha mwanafunzi wa udongo kuuliza hesabu ya kaya?

Miaka 15 baadaye milima hiyohiyo ilitoa mfano wa namna bora ya kuuliza. Tarehe 23 Februari 1970 mvua ya zaidi ya milimita 100 iliangukia eneo la Mgeta kwa muda usiofika saa tatu. Ardhi ilimeguka sehemu zaidi ya elfu moja. Watafiti Paul Temple na Anders Rapp, waliokuwa sehemu ya kazi kubwa ya kuchunguza mmomonyoko Tanzania, walipanda mlima wakahesabu makovu hayo moja baada ya jingine na kuchapisha walichokiona mwaka 1972. Makovu mengi mno yalikuwa kwenye mashamba na kwenye nyasi. Msituni yalikuwa machache sana. Mizizi ya miti ndiyo iliyoshika mlima. Kazi hiyo haikuhitaji mtambo wa ajabu. Ilihitaji swali lililotoka kwenye mteremko wenyewe, na watu waliokubali kuchafuka miguu. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Zaidi ya nusu karne baadaye, mwanafunzi wa usimamizi wa ardhi anayejiuliza kahawa, miti ya matunda au mianzi ipandwe wapi ili mteremko wa Mgeta usimeguke tena, bado anaanzia kwenye karatasi ile.

Mbuzi waliobaki

Kama matuta ya lazima ni somo la kushindwa, mbuzi wa maziwa wa Mgeta ni somo la kufaulu, na linastahili kusimuliwa kwa kirefu kwa sababu linavunja kabisa mazoea ya kuchagua programu kwa jina.

Swali lilikuwa hili: kaya yenye vipande vidogo vya ardhi kwenye mteremko, mahali ambapo ng'ombe wa maziwa hana pa kusimama wala malisho ya kumtosha, itapataje maziwa kwa watoto wake? Miaka ya 1980, SUA kwa ushirikiano na wenzao wa chuo kikuu cha kilimo cha Norwei walileta Morogoro mbuzi wa maziwa wa Kinorwei, na mwishoni mwa muongo huo mbuzi hao wakapandishwa Mgeta. Kati ya wanasayansi waliobeba kazi hiyo kwa miaka mingi walikuwemo George Kifaro wa SUA na Lars Olav Eik wa Norwei.

Baridi ya Mgeta iliwafaa. Nyandira iko juu ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, na mbuzi aliyezoea ubaridi wa kaskazini hakuteseka kama ambavyo angeteseka tambarare. Wakulima walimjengea banda la kuinuliwa lenye sakafu ya mbao zilizoachiana nafasi, samadi ikaanguka chini, samadi hiyo ikaenda kwenye matuta ya kabichi. Majani yalikatwa na kuletwa bandani. Mbuzi wa kienyeji wa eneo hilo alikuwa hakamwi. Huyu mgeni alitoa kama lita moja kwa siku. Lita moja ni kidogo kwa mfanyabiashara wa mjini. Kwa mama mwenye watoto watatu wanaokunywa uji mweupe asubuhi, lita moja ni jambo jingine kabisa. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Wafugaji walijiunga. Kikundi cha Twawose cha Nyandira kilijulikana, maziwa yakaanza kugandishwa kuwa mtindi wa kuuza, na miradi ya ushirikiano wa SUA na Norwei iliyofuata, kama PANTIL na baadaye EPINAV, ikarudi Mgeta tena na tena kwa sababu wakulima wenyewe walikuwa na maswali mapya kila ziara.

Mtu atazame maswali hayo yalivyotawanyika. Mbuzi wanaozaliana wenyewe kwa wenyewe kijiji kimoja kwa miaka mingi hudhoofika. Madume ya kupandishia yatoke wapi? Hilo ni la mtaalamu wa uzalishaji wa mifugo. Majani gani yapandwe kwenye kingo za matuta ili yalishe mbuzi na kushika udongo kwa pamoja? Hilo ni la mtu wa malisho na la mtu wa udongo. Mtindi ukae siku ngapi bila umeme? Mtu wa sayansi ya chakula. Mtoto wa kaya yenye mbuzi ananenepa kweli, au maziwa yote yanauzwa? Mtu wa lishe. Kwa nini kaya hii ilipokea na ile ikakataa? Mtu wa ugani na wa maendeleo vijijini. Nani ananunua, kwa bei gani, na faida inabaki kwa nani? Mtu wa uchumi wa kilimo.

Swali moja limehitaji programu zisizopungua sita. Aliyeanza kwa mbuzi angeweza kuingia mlango wowote kati ya hiyo na bado akatoka na tasnifu yenye maana. Aliyeanza kwa kuuliza mlango upi una soko angekaa ndani miaka miwili bila kujua mbuzi yuko wapi.

Swali linavyompangia mtu programu

Tuseme kijana amepanda Mgeta, amekaa siku kadhaa, na kilichomkera ni dawa za kunyunyizia. Ameona kabichi ikipulizwa kila wiki dhidi ya viwavi wa nondo wa mgongo wa almasi, mdudu anayejulikana duniani kote kwa kuzoea sumu haraka. Sasa anachagua nini?

Inategemea kinachomkera hasa. Akitaka kujua mdudu huyo anadhibitiwaje kwa sumu kidogo, aende sayansi ya mazao, upande wa wadudu na magonjwa. Akitaka kujua ni kiasi gani cha sumu kinabaki kwenye jani linaloliwa Dar es Salaam, aende usalama na ubora wa chakula, na ahakikishe mapema kuna maabara itakayompimia. Akitaka kuelewa kwa nini mkulima anapuliza kwa kufuata kalenda badala ya kutazama shamba, kwa nini anaamini duka la pembejeo kuliko bwana shamba, aende ugani au uchumi wa kilimo. Mtu yuleyule, shamba lilelile, programu tatu. Hakuna iliyo bora kuliko mwenzake mpaka kero itajwe.

Viazi navyo vina kesi yao. Mbegu ya kiazi hubeba magonjwa kizazi hadi kizazi, hasa mnyauko wa bakteria na virusi, na mkulima anayepanda masalia yake anapanda na ugonjwa. Kijana aliyeguswa na hilo atahitaji programu yenye watu wa mbegu na magonjwa ya mimea, na atafanya vema kujenga uhusiano na kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Uyole, Mbeya, ambacho kimeshughulika na viazi kwa muda mrefu. Lumbesa ni kesi nyingine. Sheria ya vipimo inaikataza na bado inafungwa mchana kweupe. Hapo kuna tasnifu ya uchumi inayosubiri mtu jasiri wa kukaa na wapakiaji, madalali na madereva mpaka aelewe nani anapata nini kwenye kile kichwa cha gunia. Maji nayo yasisahauliwe. Mto Mgeta hatimaye huungana na Ruvu, kwa hiyo kila mpira wa kumwagilia unaoongezwa mlimani ni hesabu kwa watu wa chini, na mhandisi wa umwagiliaji anayelijua hilo ana kazi ya maisha.

SUA yenyewe ina ushahidi kwamba swali lililoshikwa vizuri huishi kuliko majina ya programu. Wazalishaji wa mbegu wa chuo hicho waliwauliza wakulima wa maharage wanataka nini: mavuno, kustahimili magonjwa, rangi inayopendwa sokoni, kuiva upesi jikoni. Mwaka 1990 ikatoka aina inayoitwa SUA 90, mwaka 1997 ikafuata Rojo, na baadaye Pesa na Mshindi. Mama anayechagua maharage yanayoiva kabla mkaa haujaisha amefaidi tasnifu za watu ambao hatawajua kamwe.

Morogoro, Kampala, Nairobi au ng'ambo?

Katika kaya nyingi, neno "ng'ambo" likitajwa mjadala wa programu huishia hapo. Kijana amepata chuo Ulaya, nani atauliza anakwenda kusoma nini?

Kwenda mbali si kosa. Wahadhiri wengi walioijenga SUA walisoma Norwei, Uholanzi, Uingereza na Marekani, na urafiki wa vyuo ndio uliowaleta mbuzi Mgeta. Jambo la kutazama ni kama swali linakwenda pamoja na msafiri. Chuo cha Wageningen cha Uholanzi kina sifa kubwa duniani, lakini mwanafunzi anayefika pale bila swali lake hupewa la mtu mwingine, huchambua takwimu zilizokusanywa kabla hajafika, na hurudi akijua vizuri sana jambo ambalo hapa hakuna anayelifanya. Aliyekwenda na viazi vya Nyandira kichwani hutumia maabara ya kule kwa ajili ya viazi vya Nyandira.

Jirani nako kuna hazina ambazo vijana wa Tanzania huziruka. Anayeandamwa na swali la wadudu ana kituo cha ICIPE Nairobi, kilichoanzishwa mwaka 1970 na mwanasayansi Mkenya Thomas Odhiambo kwa imani kwamba wadudu wa tropiki wachunguzwe tropiki, na Waafrika. Anayetaka kuzalisha aina mpya za mbegu atakuta Makerere ina watu wa fani hiyo, na hapohapo Kampala yako makao ya RUFORUM, mtandao wa vyuo vikuu ulioanzishwa mwaka 2004 ambao umewafadhili wanafunzi wengi wa uzamili wa kilimo barani kwa sharti la kufanya kazi na jamii ya wakulima. Egerton, kule Njoro, imefundisha kilimo tangu 1939. Kwa anayesoma nje ya nchi, TCU ndiyo inayotambua shahada yake akirudi, na ni busara kuulizia utambuzi huo kabla ya kupanda ndege.

Na fedha? Hapa familia huumia kimyakimya. Mikopo ya elimu ya juu imeelekezwa zaidi kwa shahada ya kwanza, hivyo uzamili huangukia mshahara wa mzazi, shamba, au kaka mkubwa. Familia hupiga hesabu ya ada ikasahau gharama ya utafiti: kupima sampuli za udongo, nauli za kupanda mlimani mara kwa mara, posho ya wasaidizi wa kukusanya takwimu, dawa za maabara. Ada imelipwa yote, mwaka wa pili umeingia, utafiti hauna fedha. Miaka miwili inakuwa mitatu, mitatu inakuwa minne. Mdogo wake aliyekuwa anasubiri zamu ya kusoma anaendelea kusubiri. Mwenye swali la wazi na msimamizi mwenye mradi unaoendelea ana nafasi nzuri zaidi ya kupata gharama hizo, kwa sababu mradi humtafuta mtu wa kazi maalumu. Aliyeingia kwa jina la programu husubiri agawiwe msimamizi, na msimamizi husubiri naye.

Kwa hiyo mlangoni kwa profesa kuna mambo ya kuuliza bila aibu. Wanafunzi wako watano wa mwisho walimaliza kwa miaka mingapi, na sasa wako wapi? Gharama za shambani zinatoka wapi? Utafiti utashika misimu mingapi? Mgeta ina vuli na masika, na jaribio la msimu mmoja wa mvua nzuri linaweza kudanganya watu kwa miaka. Wapo wanaodhani kuuliza hivyo ni utovu wa adabu. Profesa anayeifahamu kazi yake hufurahi, maana amepata mtu aliyekuja kufanya kazi.

Nani anaisoma tasnifu?

Mgeta ni kati ya maeneo yaliyotafitiwa sana Tanzania. Wafaransa walifanya kazi ya mboga na matunda pale pamoja na SUA miaka ya 1980, na Jean-Luc Paul akaandika kwa kina juu ya mifumo ya kilimo ya Mgeta ya juu. Wanorwei wamekuja na mbuzi. Wanafunzi wa uzamili wamepanda na kushuka na madodoso yao miaka nenda rudi. Mkulima wa Nyandira amejibu maswali ya umri, idadi ya watoto, ukubwa wa shamba na kipato mara nyingi kuliko watu wengi wa mjini. Amepata nini kwenye majibu yake?

Tasnifu nyingi hukaa kwenye Maktaba ya Taifa ya Kilimo ya Sokoine, pale chuoni, kwa Kiingereza. Anayezisoma ni mwanafunzi wa mwaka unaofuata anayetafuta sura ya mapitio ya maandiko. Kwa mkulima aliyetoa asubuhi yake nzima, kazi hiyo haikufanyika.

Hili lingeweza kurekebishwa bila bajeti mpya. SUA kilianza rasmi 1 Julai 1984, miezi isiyofika mitatu baada ya Edward Moringe Sokoine kufariki kwa ajali ya gari Dakawa, humuhumu mkoani Morogoro, na kilipewa jina la kiongozi aliyeshughulika na chakula cha watu wa kawaida. Chuo chenye jina hilo kinaweza kuweka sharti dogo: hakuna tasnifu ya uzamili itakayopitishwa bila muhtasari wa Kiswahili cha wakulima, na uthibitisho kwamba umesomwa mbele ya watu waliotafitiwa. Kituo cha redio cha chuo kipo, SUA FM, na kinasikika Morogoro. Maonesho ya Nane Nane yapo kila Agosti.

Sharti la pili lingekuja kabla ya lile la kwanza. Mwombaji wa uzamili aje na ukurasa mmoja wa swali lake, kwa Kiswahili, uliokwisha kusomwa kwa wakulima wa eneo analokusudia, pamoja na yale waliyomjibu. Wakulima wakikosa la kuongeza wala la kupinga, mwombaji atafute swali jingine mapema, wakati bado hajalipa ada. Wakibishana naye mpaka giza linaingia, amepata mada, na huenda amepata na mtu wa kumwazima kipande cha shamba la majaribio.

Ule muhtasari wa tasnifu nao hauhitaji kuwa mrefu. Kurasa nne zinatosha, nakala tatu: moja kwenye ofisi ya kata, moja kwa afisa ugani, moja kwenye sekondari ya kata, ambako wapo watoto wa wakulima hao watakaokuja kuomba vyuo. Kuchapa na kupeleka nakala hizo hakufikii bei ya gunia moja la viazi.